Uyoga Hula Nini? Namna ya Kuandaa Malighafi ya Kuoteshea Uyoga Nyumbani

Mtu anayetaka kuotesha uyoga kwa mara ya kwanza huuliza, karibu bila kukosa, ni udongo gani unaofaa na ni mbolea gani inayotiwa. Swali hilo lina haki yake, kwa kuwa kila zao ambalo mkulima wa Afrika Mashariki amelizoea, kuanzia mahindi ya shambani hadi mchicha wa kwenye kopo, huanzia kwenye udongo, hutiwa mbolea na kukuzwa na jua. Uyoga wa nyumbani hauhitaji udongo, hauhitaji mbolea, na jua la moja kwa moja huukausha. Kinachohitajika ni malighafi ya kuoteshea, yaani mabaki makavu ya mimea, kama vile mabua ya mpunga, majani ya migomba au magunzi ya mahindi, ambayo yamekatwakatwa, yakalowekwa, yakapashwa moto na kupozwa ili uyoga uyale na kuota juu yake. Sura hii inaeleza namna ya kuyaandaa mabaki hayo, na inahusu hasa uyoga unaojulikana katika masoko ya Tanzania kwa jina la mamama, ule wenye kofia bapa mfano wa chaza na shina fupi la pembeni, kwa sababu ndio unaovumilia makosa ya anayejifunza kuliko aina nyingine zinazooteshwa.

Uyoga si mmea

Mmea wa kijani hujitengenezea chakula kwa kutumia mwanga wa jua, maji na hewa, na udongo huupatia madini pamoja na mahali pa kushikilia mizizi. Uyoga hauna rangi hiyo ya kijani wala uwezo unaoambatana nayo. Umo katika kundi la viumbe linaloitwa kuvu, ambamo mna pia ukungu wa mkate na hamira, na kama kuvu nyingine, hupata chakula kwa kuvunjavunja kitu kilichokwisha kutengenezwa na kiumbe mwingine. Kinachofanya kazi hiyo si kile kikofia kinachokatwa na kupikwa, ambacho ni tunda tu linalojitokeza mwishoni, bali ni utando, yaani mkusanyiko wa nyuzi nyeupe, nyembamba mno, zinazopenya ndani ya bua au gogo na kutoa vimeng'enya, ambavyo ni kemikali za asili zinazoyeyusha chakula nje ya mwili wa kuvu kabla hakijafyonzwa.

Mamama ana uwezo ambao kuvu nyingi hazina. Bua kavu limejengwa kwa selulosi, ambayo ni nyuzi zinazounda kuta za mmea, na kwa ligini, kitu kigumu kinachozigandisha nyuzi hizo na kulipa bua au mti uimara wake. Bakteria wengi na ukungu wa kawaida hushindwa na ligini, ilhali mamama huimeng'enya, na ndiyo maana porini huonekana kwenye magogo na miti iliyokufa. Uwezo huo ulianza kutumiwa kama njia ya kilimo nchini Ujerumani wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, chakula kilipokuwa haba, na uyoga ukaoteshwa kwenye magogo na visiki. Kuhamia kwenye mabua na mabaki mengine ya shambani kulikuja baadaye, na ndiko kulikoufanya uyoga huu uwafikie watu wasio na msitu.

Na ule wa kwenye kichuguu?

Wanaojua utamu wa uyoga wa mvua za kwanza huuliza pia kwa nini ule mkubwa unaochipua kwenye vichuguu hauoteshwi nyumbani. Sababu ni kwamba uyoga huo una mkulima wake tayari. Mchwa hukusanya vijiti na majani makavu, huyatafuna, huyapitisha tumboni na kuyatoa yakiwa laini, kisha huyajenga kuwa masega ndani ya kichuguu. Utando wa kuvu hukua juu ya masega hayo na kuivunja ligini iliyobaki, na mchwa hula utando huo pamoja na masega yaliyolainishwa. Joto na unyevu wa chumba chenye masega hubadilika kidogo sana mwaka mzima, na mchwa vibarua hawaachi kusafisha. Mchwa wakitoweka, masega hufunikwa na ukungu wa aina nyingine katika muda mfupi. Uyoga mwingi mzuri wa misitu ya miombo nao hauwezi kuoteshwa kwenye mabua, kwa sababu utando wake huishi kwa kushirikiana na mizizi ya miti hai, na miti hiyo ikikatwa, uyoga hupotea.

Kichuguu, hata hivyo, kinaonyesha kazi yote iliyo mbele ya mkulima. Mchwa husaga malighafi, hudhibiti unyevu wake na huwazuia wageni wasiotakiwa, na mtu mwenye panga, pipa na kuni hufanya mambo hayohayo matatu, isipokuwa yeye huyafanya yote kwa siku mbili na kisha huuachia utando ujitetee wenyewe.

Wapinzani, na hatari ya kulisha kupita kiasi

Mabua yaliyotoka shambani hayajawahi kuwa matupu. Yamebeba bakteria, chachu, mayai ya wadudu na spora, yaani vijimbegu vya kuvu visivyoonekana kwa macho, na kila kimoja kati ya hivyo kinasubiri maji tu ili kianze kukua. Ukungu wa kijani uitwao trikoderma ndio adui anayejulikana zaidi, kwa kuwa hukua haraka kuliko mamama na pia hushambulia utando wake moja kwa moja. Kwa hiyo maandalizi ya malighafi ni suala la ushindani kuliko suala la lishe: mkulima huwapunguza wapinzani, huingiza mbegu ya uyoga nyingi na mapema, na kuupa utando nafasi ya kulienea bua lote kabla wengine hawajajikusanya tena.

Hapo ndipo mazoea ya shamba la mahindi yanapompotosha mtu. Mkulima aliyezoea kuona samadi ikiongeza mavuno huona ni jambo la busara kuongeza pumba, samadi ya kuku au hata mbolea ya dukani kwenye mabua, na mwishowe huvuna ukungu. Sababu yake iko kwenye uwiano wa kaboni na nitrojeni. Kaboni ndiyo inayotoa nguvu, nitrojeni ndiyo inayojenga protini, na mabua ya nafaka huwa na kaboni nyingi mara 60 hadi 100 kuliko nitrojeni. Bakteria na ukungu wa kawaida hudumaa katika umaskini wa namna hiyo, lakini mamama huumudu. Pumba ya mpunga au ya ngano huongeza nitrojeni, na kweli inaweza kuongeza mavuno, lakini kila kilo yake huwaita pia wale ambao umaskini wa mabua uliwazuia. Kwa anayetumia mabua yaliyopashwa moto kwa njia za nyumbani, pumba isizidi kilo 5 kwa kila kilo 100 za mabua makavu, na katika awamu za kwanza ni afadhali isiwepo kabisa. (Maelekezo fulani yanayosambazwa hushauri kutia sukari. Sukari huliwa upesi na chachu pamoja na bakteria kabla utando haujaamka, na haina kazi nyingine humo.)

*Kwa ufupi:* malighafi nzuri ni ile ambayo uyoga unaweza kuila na wapinzani wake wanapata taabu kuila. Rutuba nyingi, ambayo ni sifa ya udongo, ni kasoro ya malighafi ya mamama.

Kuchagua kilichopo karibu

Hakuna mabaki bora kuliko yote. Yapo yanayopatikana kwa wingi na kwa bei ndogo mahali fulani, na gharama ya kuyasafirisha ndiyo inayoamua zaidi. Mabua ya mpunga yamejaa Mbarali na Kilombero nchini Tanzania na Mwea nchini Kenya, ambako sehemu kubwa huchomwa baada ya mavuno. Majani makavu ya migomba hayakosekani Bukoba, Rungwe wala Uganda. Mabua na maganda makavu ya maharage yana nitrojeni zaidi kidogo kuliko mabua ya nafaka, hutoa mavuno mazuri, na ni mepesi kukatwa. Magunzi ya mahindi yanafaa sana yakisagwa hadi kuwa vipande vidogo kama punje za mahindi, lakini yakiwekwa mazima hayashiki maji vya kutosha na huacha matundu makubwa ya hewa. Katika maeneo ya ufugaji wa ndani, kama vile miteremko ya Kilimanjaro na nyanda za juu za Kenya, mabua ya mahindi ni chakula cha ng'ombe, na mwenye ng'ombe mara nyingi atapata faida zaidi kwa kumlisha kuliko kuyatia kwenye mfuko wa uyoga.

Mkonge unastahili kutajwa peke yake. Nyuzi zinazouzwa ni sehemu ndogo sana ya jani, takriban asilimia 4 au 5 ya uzito wake, na kilichobaki hutupwa kiwandani kikiwa majimaji na makapi. Kwenye malundo ya mabaki hayo huota wenyewe uyoga ambao watu wanaoishi karibu na mashamba wameuchuma na kuula tangu zamani, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamefanya kazi ya muda mrefu kuhusu namna ya kuyatumia mabaki hayo kuoteshea uyoga. Mkazi wa Tanga au Morogoro anayeishi karibu na shamba la mkonge, kwa hiyo, ana malighafi ambayo mwingine angeinunua, ila inambidi aikaushe juani kabla ya kuitumia, kwa sababu mabaki mabichi huanza kuchacha mapema.

Vumbi la mbao linahitaji tahadhari zaidi. Mti laini wenye utomvu, kama msonobari wa mashamba ya Sao Hill huko Mufindi, una kemikali zinazouzuia utando, na vumbi lake bichi halifai. Vumbi la mgrivea au mwembe ni salama zaidi. Vumbi kutoka karakana inayopasua mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa lisitumike hata kidogo, kwa kuwa uyoga hufyonza na kulimbikiza metali zilizomo kwenye dawa hizo. Kwa sababu hiyohiyo gugu maji la Ziwa Victoria, ambalo limejaribiwa na kuonekana linaotesha mamama vizuri, lisivunwe karibu na mdomo wa mfereji wa maji taka au wa kiwanda.

Kabla ya kuyabeba mabaki yoyote nyumbani, mambo yafuatayo yakaguliwe:

- Rangi iwe ya manjano angavu au kahawia ya asili. Madoa meusi, ya kijivu au ya kijani yanaonyesha kwamba mvua imeyafikia na ukungu umekwisha kuanza kula.
- Harufu iwe ya majani makavu, isiyo ya kuvunda wala ya chumba kilichofungwa.
- Bua likikunjwa livunjike kwa mlio, badala ya kupinda.
- Shamba lisiwe limenyunyiziwa dawa ya wadudu au ya ukungu karibu na wakati wa mavuno, jambo linalohusu hasa mabaki ya pamba.

Kukata na kuloweka

Mabua hukatwa vipande vya sentimita 3 hadi 5, kwa panga juu ya gogo au kwa mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. Kukata huko kuna sababu mbili. Uso wa bua umepakwa nta ya asili inayozuia maji na utando, hivyo kila mahali panapokatwa huwa mlango mpya wa kuingilia. Pili, vipande vifupi hushindiliana vizuri mfukoni, na utando hauhitaji kuvuka mapengo ya hewa kutoka kipande kimoja hadi kingine. Kusaga hadi kuwa unga, kwa upande mwingine, ni kosa, kwa sababu unga ukilowa hugandamana na kufukuza hewa, na bakteria wasiohitaji hewa hustawi humo na kutoa harufu ya bwawa.

Vipande hutiwa katika kiroba, kiroba kikazamishwa katika pipa la maji safi na kuwekewa jiwe juu ili kisielee, kikaachwa usiku mmoja. Muda wa saa 8 hadi 12 unatosha kwa mabua ya mpunga na ya maharage, na magunzi huhitaji muda mrefu zaidi. Asubuhi kiroba hutundikwa au kulazwa juu ya kichanja kilichoinama, maji yachuruzike hadi mtiririko ugeuke kuwa matone.

Kiasi cha maji kinachobaki ndicho kinachoamua mengi ya yanayofuata. Malighafi iliyo tayari huwa na maji kati ya asilimia 60 na 70 ya uzito wake wote, yaani katika kila kilo 10 za malighafi iliyolowa, kilo 6 hadi 7 ni maji. Mwenye mizani anaweza kulihakiki jambo hilo kwa hesabu rahisi: kilo 10 za mabua makavu, ambayo hata yakiwa makavu hubaki na unyevu kidogo, zinapaswa kufikia kilo 25 au 26 baada ya kuloweka na kuchuja. Asiye na mizani hutumia ngumi. Huchukua konzi ya mabua kutoka katikati ya kiroba, si ya juu ambayo imekwisha kukauka, akaikamua kwa nguvu zake zote na kutazama kati ya vidole. Matone mawili au matatu yakitokeza na kukawia kabla ya kudondoka, malighafi iko sawa. Maji yakichuruzika kama kijito, irudishwe kwenye kichanja. Na kiganja kikibaki na unyevu tu bila tone lolote, inyunyiziwe maji na kugeuzwa. Jaribio hilo lirudiwe baada ya kupasha moto, kwa sababu mvuke huongeza maji na kuchemsha ndani ya maji huongeza zaidi.

Kosa la maji mengi ni baya kuliko la maji machache. Malighafi iliyokauka kidogo huupunguza mwendo wa utando na mavuno, ilhali iliyojaa maji hukusanya dimbwi chini ya mfuko, na katika dimbwi hilo utando hauingii kamwe.

Moto: kiasi gani kinatosha?

Kuna njia mbili za kupasha moto, na tofauti yake ni ya msingi. Ya kwanza ni upasteurishaji, uliopewa jina la mwanasayansi wa Ufaransa Louis Pasteur, ambapo malighafi hushikiliwa katika nyuzijoto 65 hadi 80 za Selsiasi kwa saa 1 hadi 2. Joto hilo huua wadudu, mayai yao na sehemu kubwa ya ukungu, lakini huacha hai baadhi ya bakteria wanaopenda joto, ambao hawamdhuru mamama na huendelea kukalia nafasi ambayo ukungu ungeitaka. Ya pili ni kuua vijidudu vyote, kwa mvuke wenye mgandamizo unaofikia nyuzijoto 121, kama ufanyavyo mtungi wa hospitali wa kuchemshia vifaa. Malighafi iliyopitia njia hiyo ni tupu kabisa, na utupu huo ni udhaifu wake, kwa sababu spora moja ya ukungu ikidondoka humo haikuti mpinzani yeyote. Njia hiyo inafaa kwa vumbi la mbao lililotiwa pumba nyingi, na hudai chumba safi, hewa iliyochujwa na mikono iliyozoea. Kwa mabua yasiyotiwa pumba, upasteurishaji ndio wa kuchagua. Anayechemsha kutwa nzima akiamini kwamba zaidi ni bora hutumia kuni bure na kuwaua hata wale waliokuwa upande wake.

Pipa la mafuta la lita 200, lililosafishwa vizuri, linatosha kwa mahitaji ya nyumba moja. Chini hupangwa matofali, juu yake nondo au vijiti vigumu kuwa kichanja, kisha hutiwa maji yasiyofika kwenye kichanja, kiasi cha lita 20 hadi 30. Viroba vya mabua yaliyochujwa hupangwa juu bila kushindiliwa, ili mvuke upite katikati, na mdomo wa pipa hufunikwa kwa gunia zito na turubai na kufungwa kwa kamba, bila kuzibwa kabisa, kwa kuwa mvuke usiopata pa kutokea unaweza kulipasua pipa. Muda hauhesabiwi tangu moto ulipowashwa. Mvuke mwingi ukianza kutoka juu, katikati ya kiroba bado ni vuguvugu, na joto huchukua muda kufika humo. Kwa hiyo saa 2 hadi 3 tangu mvuke ulipotokeza ni kipimo cha tahadhari kwa mabua. Vumbi la mbao lililotiwa pumba na kufungwa mifukoni, likipashwa kwa mvuke wa pipa badala ya mtungi wa mgandamizo, huhitaji saa 6 hadi 8.

Mwinuko wa mahali nao una neno. Maji huchemka katika nyuzijoto 100 pwani, lakini kiwango hicho hushuka kwa takriban nyuzi 1 kila mita 300 za kupanda, hata kwamba Njombe au Limuru mvuke wa pipa uko karibu na nyuzi 93. Kwa mabua jambo hilo halina madhara, kwa kuwa nyuzi 65 hadi 80 zinafikiwa bila shida; kwa vumbi la mbao, mkulima wa nyanda za juu aongeze saa moja au mbili.

Njia ya chokaa, kwa asiye na kuni

Mahali ambapo kuni na mkaa ni ghali, chokaa iliyozimwa inaweza kufanya kazi ya moto. Hii ni chokaa ya unga inayouzwa kwa kupakia kuta, na ikiyeyushwa kwa kiasi cha gramu 300 hadi 500 katika kila lita 100 za maji, huyafanya maji kuwa makali kiasi ambacho wadudu, bakteria na ukungu wengi hufa. Mabua makavu yaliyokatwa huzamishwa humo kwa saa 12 hadi 18, kisha huchujwa vizuri. Ukali hupungua kadiri chokaa inavyokutana na hewa na bua lenyewe, na mamama, anayevumilia ukali huo kuliko wapinzani wengi, hupata mwanya wa kuanza.

Chokaa ya kilimo, ambayo ni mawe ya chokaa yaliyosagwa tu, haifai kwa kazi hii kwa sababu haifikishi maji kwenye ukali unaotakiwa. Chokaa hai, ile ambayo haijazimwa, huchemka kwa ghafla ikiguswa na maji na inaweza kumuunguza mtu. Hata ile iliyozimwa huchubua ngozi na kudhuru macho, hivyo glavu za mpira zivaliwe na watoto wasisogezwe karibu na pipa.

Kupoza na kutia mbegu

Mbegu ya uyoga ni punje za mtama au ngano zilizopikwa na kuenezwa utando katika maabara. Huuzwa katika chupa au vifuko, na baadhi ya vyuo, kikiwemo Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia kilichoko Juja, vimekuwa vikiizalisha kwa ajili ya wakulima. Utando huo hufa ukikutana na malighafi ya moto, kwa hiyo mabua hutandazwa juu ya turubai safi lililofutwa kwa spiriti, ndani ya chumba kisicho na upepo, hadi yafikie joto la chini ya nyuzi 30. Yasiachwe usiku kucha yakipoa, kwa kuwa muda huo ni wa wapinzani.

Kilo 1 ya mbegu hutosha kilo 20 hadi 25 za malighafi iliyolowa, yaani takriban zile zinazotokana na kilo 10 za mabua makavu. Mfuko wa nailoni wenye upana wa sentimita 30 na urefu wa 45 ni bora kuliko mkubwa, hasa Dar es Salaam, Mombasa na kwingineko kwenye joto, kwa sababu utando unapokula hutoa joto lake wenyewe, na katikati ya mfuko mnene huwa moto kuliko hewa ya chumba. Joto hilo likipita nyuzi 35 kwa muda mrefu, utando hudhoofika. Malighafi na mbegu hupangwa kwa tabaka, mbegu nyingi zaidi ikiwekwa kandokando na juu, hushindiliwa kwa ngumi bila kukandamizwa, mdomo ukafungwa, na matundu madogo yakatobolewa ubavuni ili hewa ipite. Mifuko huhamishiwa chumba cha giza chenye nyuzijoto 24 hadi 28, na kwa wiki mbili hadi nne haihitaji kumwagiliwa.

Kuusoma mfuko

Siku tatu au nne baada ya kupanda, kila punje ya mbegu inapaswa kuwa imezungukwa na manyoya meupe yanayogusa bua la karibu. Weupe huo hupanuka hadi mabua yasionekane tena. Kinyume chake, doa jeupe linaloanza mbali na mbegu na kugeuka kijani katikati ni trikoderma, na mahali linapotokea hueleza kosa lilikuwa wapi: likiwa karibu na mdomo au matundu, usafi wakati wa kupanda ulikuwa mdogo, likiwa katikati ya mfuko, moto haukufika huko, na likijitokeza karibu na vipande vya pumba katika mifuko yote, lishe ilizidi. Unga wa rangi ya machungwa, ambao hupenda hasa magunzi, huenea kwa siku mbili tu na unaweza kuingia kila mfuko chumbani. Mfuko wa namna hiyo usifunguliwe ndani ya nyumba. Hutolewa taratibu ukiwa umefungwa na kufukiwa mbali.

Uyoga mwembamba wenye kofia ya kijivu inayogeuka kuwa majimaji meusi ndani ya siku moja ni dalili ya malighafi iliyolowa mno au yenye samadi. Uyoga wowote ambao mkulima hakuupanda usiliwe, hata ukifanana na aliouona porini, kwa kuwa yapo mabaki yanayobeba spora za aina zenye sumu.

*Kwa ufupi:* kilo 10 za mabua makavu yaliyoandaliwa ipasavyo hutoa, kwa mivuno mitatu hivi, kilo 5 hadi 8 za uyoga mbichi, na anayefikia kilo 10 amefanya kazi nzuri sana.

Kwa nini si ule mweupe wa kopo?

Uyoga mweupe wa mviringo unaouzwa madukani ulianza kulimwa Ufaransa katika karne ya 17 kwenye samadi ya farasi, na hadi leo hutaka mboji, yaani samadi na mabua vilivyoozeshwa kwa wiki kadhaa, vikageuzwa mara kwa mara, vikapitishwa katika chumba cha mvuke na hatimaye kufunikwa kwa tabaka la udongo maalumu. Unahitaji pia ubaridi ambao pwani hautapatikana bila mashine. Ni biashara halali yenye soko lake, lakini si mahali pa kuanzia nyumbani.

Mpangilio wa kazi

Makosa mengi ya awamu ya kwanza hutokana na kuanza kununua mbegu, ambayo ndiyo ghali na ndiyo inayoharibika, kisha kuhangaika kutafuta mabua mvua ikiwa imeshaanza. Mbegu huzeeka tangu siku inapotoka maabara, na ikikaa wiki kadhaa kwenye joto la kawaida hupoteza nguvu hata kama bado inaonekana nyeupe, ilhali mabua makavu yaliyotundikwa darini hudumu mwaka mzima. Msomaji akusanye mabua wakati wa mavuno, ayakaushe, ayaweke mahali pasipovuja, aandae pipa na mifuko, afanye jaribio la ngumi kwa konzi chache, kisha ndipo aagize mbegu.